Kikombe cha Loliondo: kilichopimwa na kisichopimwa

Machi 2011 barabara ya vumbi inayoingia kijiji cha Samunge, Loliondo, wilayani Ngorongoro, ilikuwa na foleni ya magari inayopimwa kwa kilomita. Mabasi, malori, Land Cruiser za kukodi, na kwa wenye uwezo, helikopta. Wote walifuata kitu kimoja: kikombe cha maji yaliyochemshiwa mizizi, bei shilingi 500. Aliyekitoa, Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) aliyejulikana kama Babu, alisema Mungu ndiye aliyemwonyesha dawa hiyo ndotoni, na kwamba kikombe kimoja kinatosha kuponya magonjwa sugu, UKIMWI na kisukari yakiwemo. Kufikia mwisho wa mwezi umati ulikadiriwa kuwa watu 24,000, na Babu mwenyewe akaomba wengine wasije hadi tarehe 1 Aprili ili waliopo wamalizike. Vyombo vya habari viliripoti kuwa watu 52 walikufa wakisubiri zamu.

Wapo walioiandika habari hii kama kisa cha imani, na wapo walioiona ni siasa, maana mawaziri na wabunge nao walikwenda kunywa. Mimi naichukua kama kisa cha dawa. Katikati ya kelele zote palikuwa na mti wenye jina, wenye historia ndefu ya kutumika, na uliokuwa umeshaingia maabara miaka kadhaa kabla jina la Babu halijasikika. Serikali nayo ilituma wataalamu, wakachukua sampuli, wakarudi na jibu kwamba dawa ile ni salama kwa binadamu. Sina ugomvi na jibu hilo. Ugomvi wangu ni namna lilivyogeuzwa kuwa jibu la swali ambalo hakuna aliyelifanyia kazi.

Tuanze na mti. Wasonjo wa Samunge wanauita mugariga. Kwa Kiswahili ni mtandamboo, Wamasai wanasema olamuriaki, Wakikuyu mukawa, Wajaluo ochuoga. Kwenye vitabu vya mimea umeandikwa muda mrefu kama Carissa edulis, na siku hizi wataalamu wengi wanauweka chini ya Carissa spinarum, jamii moja inayoenea kutoka Afrika hadi Asia. Ni kichaka cha miiba mirefu iliyonyooka, majani yakikaa mawilimawili yakitazamana, na ukikata tawi unatoka utomvu mweupe kama maziwa. Maua yake ni meupe kwa ndani, mekundu au ya waridi kwa nje, na yananukia. Matunda hubadilika kutoka mekundu hadi meusi ya zambarau na ni matamu. Mchungaji yeyote wa ng'ombe aliyekulia nyanda za Afrika Mashariki ameyala.

Mizizi ndiyo dawa. Huchemshwa kwa maumivu ya viungo na mgongo, kwa kifua, kwa tumbo, kwa homa, na kwa kisonono. Wamasai huitia katika supu ya nyama. Matumizi haya yana sura inayofanana karibu kila mahali: mzizi unachemshwa, unanywewa siku kadhaa au unaliwa na chakula mara kwa mara, na anayeutoa anajua ni wa ugonjwa gani na usio wake ni upi. Hakuna mahali ninapopajua ambapo mila ilisema kikombe kimoja, mara moja maishani, kwa kila ugonjwa. Hilo lilikuja na ndoto ya Samunge. Nalisema kwa sababu watetezi wa kikombe walipenda kusema kwamba mti huo umetumika tangu enzi za mababu. Ni kweli umetumika, ila haukutumika hivyo, na ushahidi wa enzi unafuata matumizi yenyewe pamoja na kipimo chake. Kuuhamishia kwenye matumizi mengine ni kuukopa bila ruhusa.

Kazi ya kwanza ya mtaalamu anapofika mahali kama Samunge ni kuhakikisha kilichomo sufuriani ni kile kinachosemwa. Kwa mugariga hili si jambo dogo. Mtandamboo una ndugu wa karibu katika ukoo mmoja wa mimea, Acokanthera schimperi, ambao Wamasai wanauita olmorijoi. Nao una majani mazito yanayotazamana, utomvu mweupe, maua ya kunukia yenye weupe na waridi, na matunda ya zambarau. Tofauti unayoweza kuishika kwa mkono ni miiba: mtandamboo unayo, olmorijoi hauna. Magome na mbao za olmorijoi huchemshwa kwa saa nyingi hadi maji yawe mazito na meusi kama lami, kisha hupakwa kwenye mishale. Kilichomo ni wabaini, kemikali iliyotolewa kwenye ukoo huu wa miti na Mfaransa Arnaud mwaka 1888, na inayosimamisha moyo ikiingia kwenye damu. Ikimezwa, utumbo huipitisha kidogo tu, ndiyo maana nyama ya mnyama aliyepigwa mshale huo huliwa. Hata hivyo hakuna mtu mwenye akili timamu anayetaka kuijaribu kwa kikombe. Shambani miiba inakulinda. Mzizi ukishang'olewa, ukakatwakatwa, ukafika sokoni ukiwa gunia la vipande vya mti au unga, mwiba haupo tena wa kukuambia chochote.

Samunge mizizi ilichimbwa kwa wingi, na wakusanyaji, kwa kadiri inavyojulikana, waliujua mti wao. Wataalamu waliuthibitisha. Kwa hiyo hatua ya kwanza ilipita vizuri.

Hatua ya pili ni sumu. Kipimo cha kawaida cha sumu ya muda mfupi kinajulikana. Panya hunyweshwa dondoo la mmea kwa kiwango kinachopandishwa hadi miligramu 2000 kwa kila kilo ya uzito wake, mara nyingine 5000, kisha huangaliwa kwa siku 14. Nani kafa, nani kazubaa, nani kaacha kula, nani kapungua uzito. Mwishoni hupasuliwa, yakaangaliwa maini na figo. Mmea ukipita hapo, unasemwa kuwa sumu yake ya muda mfupi ni ndogo. Kwa haki ya Babu, kipimo cha namna hii kinaendana sana na kikombe chake kuliko dawa nyingi za asili zinazonywewa mwezi mzima, kwa sababu yeye alitoa mara moja tu. Mtu akinywa kikombe kimoja cha mzizi ambao watu wameishi nao kwa karne nyingi, uwezekano wa kumdhuru papo hapo ni mdogo. Hata bila maabara ungeweza kukisia hivyo.

Basi ikatangazwa kwamba ni salama. Na hapa ndipo kisa kilipoteleza. Mtu aliyekuwa Mwanza au Nairobi akisikiliza redio hakuwa anauliza kama kikombe kitamuua. Alikuwa anauliza kama kitamponya mtoto wake. Aliposikia wataalamu wa serikali wamepima na hawakuona tatizo, akasikia kwamba wamepima na dawa inafanya kazi. Tangazo halikusema hivyo. Lakini halikusema pia, kwa sauti ileile na mara nyingi vilevile, kwamba hakuna aliyepima kama inaponya. Mwenye dhamana ya afya akizungumza na watu waliokata tamaa, asichokisema hujazwa na matumaini yao. Ningependa kuona taarifa ambayo sentensi yake ya kwanza inasema uponyaji haujapimwa, na usalama unakuja wa pili.

Maabara ilikuwa na la kusema pia, na hapo habari inanoga. Mwaka 2006 watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, Nairobi, na wenzao walichapisha kazi juu ya dondoo la maji la mizizi ya mti huu. Walilijaribu dhidi ya virusi vya herpesi, vile vinavyoleta malengelenge mdomoni na sehemu za siri. Kwenye seli zilizooteshwa maabara, mikrogramu 50 za dondoo kwa kila mililita zilizuia kabisa virusi kutengeneza mabaka ya seli zilizokufa, wakati kiwango cha kudhuru nusu ya seli zenyewe kilikuwa juu zaidi, karibu mikrogramu 480. Panya walioambukizwa na kunyweshwa dondoo walichelewa kuugua na waliishi muda mrefu kuliko wenzao. Ni kazi safi, na dondoo lilifaa hata kwa virusi vilivyokuwa vimezoea dawa ya hospitali.

Mwaka 2011 kazi hiyo ilibebwa mdomoni kama ushahidi kwamba mugariga unaua virusi. Virusi vipi? Herpesi hubeba vinasaba vyake kama DNA na hujificha kwenye neva. VVU, yaani virusi vya UKIMWI, hubeba RNA, huigeuza kuwa DNA kwa kimeng'enya chake maalum, kisha hujishona ndani ya vinasaba vya seli za kinga za mgonjwa mwenyewe. Dawa inayozuia kimoja haina sababu ya kuzuia kingine. Aciclovir, dawa ya kawaida ya herpesi, haimtibu mtu VVU, na hakuna daktari anayeshangaa. Isitoshe, mikrogramu 50 kwenye kisahani cha maabara zinakaa pale zikigusana na seli saa zote. Kinachonywewa kinapita tumboni, kinavunjwa na ini, kinatolewa na figo, na sehemu inayofika kwenye damu inaweza kuwa ndogo mno na ya muda mfupi. Swali la kwanza baada ya matokeo ya kisahani huwa ni kiasi gani kinafika kwenye damu, kwa saa ngapi. Kwa kikombe cha Samunge hata kiasi cha mizizi kwa lita hakikuwa na kipimo cha kudumu.

Mwaka 2004 watafiti wa Ethiopia nao walionyesha kwamba dondoo la mizizi huongeza mkojo kwa panya. Hili lina mantiki ya kitabibu kwa sababu dawa za kuongeza mkojo ni miongoni mwa dawa kongwe za shinikizo la damu. Mtu aliyevimba miguu akinywa mzizi huu anaweza kweli kujisikia mwepesi siku ya pili. Lakini figo zikishatoa yale maji, kazi imekwisha, na shinikizo la damu ni la kila siku. Na kwa mgonjwa wa kisukari ambaye tayari anakojoa sana, amekaa juani, maji ya kunywa ni ya kununua, kuongezewa mkojo si zawadi.

Kisukari chenyewe kilikuwa na utafiti wake, uliochapishwa mwaka 1996, ulioonyesha kwamba dondoo la mtandamboo lilishusha sukari kwa panya waliofanywa wagonjwa kwa kemikali. Ukisoma hadi ndani unakuta walitumia majani. Kikombe kilikuwa cha mizizi. Kwenye mmea, kemikali za jani na za mzizi zinaweza kuwa tofauti kama vyakula viwili visivyopikwa jiko moja, na matokeo ya kimoja hayahamii kwa kingine kwa sababu tu jina la mti ni lile. Mara nyingi nimeona utafiti huu ukitajwa bila neno majani.

Tumejaza kurasa na mti, lakini Babu mwenyewe hakuwahi kusema ni mti peke yake. Msimamo wake ulikuwa kwamba dawa inafanya kazi kwa neno la Mungu, ikitolewa kwa mkono wake, pale Samunge, na kwamba mwingine akichemsha mzizi uleule hautaponya. Kwa mtu wa maabara hili linavuruga kila kitu. Ukichukua mizizi hadi Dar es Salaam ukaipima na isionyeshe lolote, utaambiwa hukupima dawa, umepima kuni. Wapo wanasayansi waliocheka. Mimi naona Babu alikuwa anaeleza kwa usahihi kile anachokidai, na kazi ya mchunguzi ni kupima dai kama lilivyo. Dai lilikuwa: mgonjwa akija hapa, akanywa kikombe hiki kwa mkono huu, atapona. Hilo linapimika vizuri sana, na halihitaji hata mzizi mmoja kutoka kijijini. Linahitaji wagonjwa, kabla na baada. (Vikombe vilivyozuka upesi Mbeya, Tabora na kwingineko ndivyo vilivyolivunja sharti la mkono mmoja, na wala havikukosa wateja.)

Na wagonjwa walitoa ushuhuda. Wengi walisema wanajisikia nafuu, na sidhani walidanganya. Mtu hafungi safari ya kwenda Loliondo siku anayojisikia vizuri. Anakwenda pumu ikiwa imembana, maumivu yakiwa yamezidi, na magonjwa yanayopanda na kushuka yakishafika juu hushuka yenyewe, kikombe kiwepo kisiwepo. Mgonjwa wa kisukari aliyekaa foleni siku kadhaa akila kidogo atapimwa kwa kidole na kukuta sukari imeshuka, kwa sababu hakula. Mwenye VVU akienda kuhesabiwa CD4, seli za kinga kwenye damu, anaweza kupata idadi tofauti asubuhi na jioni siku ileile, na ikipanda kidogo inatosha kuanzisha sherehe. Kipimo cha haraka cha VVU nacho hutafuta kingamwili, na hizo hubaki miaka yote, kwa hiyo hakikuwa na uwezo wa kuthibitisha wala kukanusha uponyaji. Ukiongeza nguvu ya sala, ya umati, na ya kuamini kwamba sasa imekwisha, unapata nafuu ya kweli inayosikika mwilini. Haisemi chochote kuhusu virusi.

Kilichonitia hofu tangu mwanzo ni VVU, kwa sababu ndipo ambapo hisia ya mgonjwa inapotosha zaidi. Mtu akiacha ARV, dawa za kufubaza VVU, virusi hurudi kwenye damu, kwa walio wengi ndani ya wiki chache. Yeye hajisikii kitu. Anaweza kukaa miezi mingi, pengine zaidi, akila, akilima, akinenepa hata, kwa sababu ameachana na dawa zilizokuwa zinamtia kichefuchefu. Kila siku anayoamka mzima inakuwa ushahidi kwamba kikombe kilifanya kazi, wakati kinga inaliwa polepole.

Kuna tabaka la pili ambalo halikuzungumzwa redioni. Dozi nyingi za ARV zilizotumika Tanzania wakati ule zilikuwa na nevirapine au efavirenz pamoja na dawa nyingine mbili. Nevirapine na efavirenz hukaa mwilini siku nyingi baada ya kidonge cha mwisho, lakini zile mbili nyingine huondoka mapema. Anayeacha zote kwa pamoja anabaki, bila kujua, anatumia dawa moja peke yake kwa siku kadhaa, na hiyo ndiyo hali nzuri kuliko zote kwa virusi kujifunza kuikwepa. Akizinduka baada ya mwaka na kurudi kliniki, dozi ileile huenda isimfae tena. Kwa mtoto mwenye kisukari aina ya kwanza hakuna hata huo muda wa kuzinduka: akikosa insulini, damu hujaa asidi na maisha yanahesabiwa kwa siku. Yaani kikombe kisicho na sumu kinaweza kuua kwa kile kinachomfanya mtu aache. Kipimo cha panya cha siku 14 hakina safu ya kuandika jambo hilo.

Ingewezekana kufanya nini? Watu wanapenda kusema mambo yalikwenda kasi mno. Lakini ile foleni ilikuwa fursa ya utafiti ambayo watafiti huitafuta kwa miaka: maelfu ya wagonjwa wamekaa sehemu moja kwa siku kadhaa, hawana la kufanya, wana hamu ya kuthibitisha walichoamini. Kwa kisukari ingetosha kuchukua tone la damu kwa kipimo cha wastani wa sukari wa miezi 3, kisichodanganywa na kukosa chakula cha jana, kuwasisitiza waendelee na dawa zao, kuandika simu zao na kuwapima tena baada ya miezi 3. Kundi la ulinganisho lilikuwepo pia. Babu mwenyewe aliwaambia watu wasije kwanza. Waliorudishwa wangeweza kuandikishwa, wakapimwa, wakapewa tarehe ya mbele. Kikombe kingetoka kwa mkono wake, mahali pake, kwa sala yake, na hakuna ambaye angeweza kusema dai limepimwa vibaya.

Kwa VVU ugumu ni wa kimaadili. Huwezi kumwambia mtu aache ARV ili uone. Na aliye kwenye ARV ambaye virusi vyake vimefubaa hawezi kukuonyesha tofauti yoyote. Lakini mwaka 2011 palikuwa na mlango. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2010, mtu mzima mwenye VVU asiye na dalili alianzishiwa dawa CD4 zake zikifika 350 au chini. Waliokuwa juu ya hapo walikuwa kliniki wakifuatiliwa bila ARV, kwa utaratibu halali, na bila shaka wengi wao walikwenda Samunge. Kupima wingi wa virusi kwenye damu zao kabla ya kikombe na wiki chache baadaye kusingewanyima chochote walichostahili. Kama kikombe kinaua virusi, idadi ingeporomoka mbele ya macho ya kila mtu, na dunia nzima ingekuja Loliondo. Kama hakiui, wangeambiwa mapema, kabla majirani zao hawajatupa vidonge.

Mchungaji Mwasapile alifariki Julai 2021, na kwa masharti yake mwenyewe kikombe kile hakipo tena. Ule mlango mwingine ulikuwa umeshafungwa miaka sita nyuma. Septemba 2015 WHO ilipendekeza kila mwenye VVU aanzishiwe ARV bila kusubiri CD4 zishuke, Tanzania nayo ikafuata, na tangu hapo hakuna tena kundi la wagonjwa wanaoweza kufuatiliwa bila dawa kwa haki.